Uzi wa wanaokuja kusoma Ujerumani: miezi ya kwanza, kuanzia sanduku la barua

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu.

Nimesoma hapa kimyakimya kwa miaka mingi kabla ya kuandika chochote. Kila ikikaribia katikati ya mwaka naona nyuzi za vijana wanaotafuta vyuo Ujerumani: ufadhili wa DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi), maombi kupitia uni-assist (ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo), barua ya udahili, viza. Majibu ni mengi na mazuri, hata mimi yalinisaidia. Ila yote yanaishia uwanja wa ndege. Mtu anaweka picha na mabegi yake, tunamtakia safari njema, uzi unakufa. Yanayofuata kila mmoja anakutana nayo peke yake.

Mimi ni mtu wa Mwanza, niko Leipzig tangu Oktoba 2023, nasoma shahada ya uzamili. Naandika kwa ajili ya wanaokuja muhula wa Oktoba.

Naanza na sanduku la barua, kwa sababu ndilo lililonitesa kuliko baridi.

Nilipofika nilipata chumba kwenye nyumba ya kushirikiana, tuko watatu, wenyewe wanaiita WG. Ukihamia mahali unatakiwa ndani ya wiki 2 uende ofisi ya wakazi, Bürgeramt, ukajiandikishe. Unakwenda na pasipoti na fomu aliyoisaini mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli unaishi kwake (Wohnungsgeberbestätigung). Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi, wengi wanarudishwa kwa hilo. Mimi nilikuwa na vyote, nikapewa karatasi yangu, nikatoka nimefurahi.

Nikasubiri. Namba ya mlipakodi inakuja kwa barua. Kadi ya benki inakuja kwa barua, na namba yake ya siri katika bahasha nyingine, siku nyingine. Kadi ya bima ya afya, barua. Wiki 3, kimya. Wiki 5, kimya. Nikajiambia hawa nao kumbe wana mambo ya kuzungushana kama kwetu.

Barua zilikuwa zinakuja. Jina langu halikuwa kwenye sanduku. Hapa majengo mengi hayana namba za vyumba. Anayeleta barua anasoma majina ya ukoo yaliyobandikwa kwenye masanduku pale mlangoni, na asipoliona lako anairudisha barua ilikotoka. Hagongi mlango kuuliza. Benki ikafuta maombi yangu ikiona sipatikani, nikaanza upya. Fedha yangu yote ilikuwa kwenye akaunti iliyofungwa, ile ya kuombea viza, isiyotoa hata senti mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya kupokelea. Novemba nzima nililishwa na mwanafunzi mwenzangu wa Kamerun, na hilo sitalisahau.

Dawa yake ni kipande cha karatasi na gundi ya uwazi, dakika 2. Bandika kwenye sanduku na kwenye kengele ya mlango siku hiyo hiyo unayopokea ufunguo, kabla hujafungua begi.

Jambo la pili linaambatana na hilo. Sisi tuna majina matatu, na tumezoea kujitambulisha kwa la kwanza na la pili, au la kwanza na la tatu, kadiri ya siku. Hapa hapana. Jina la ukoo ni lile lililoandikwa kwenye pasipoti, na ndilo litumike kwenye mkataba, chuo, benki, bima na sanduku. Mimi mkataba ulikuwa na jina la baba, pasipoti ina la babu. Kwao hao ni watu wawili.

Nitaendelea. Ulizeni.

#2 Mdau wa Arusha

Ubarikiwe mkuu. Naja Oktoba, Mungu akipenda. Hiyo akaunti iliyofungwa ndiyo Sperrkonto? Nimeambiwa euro 11,904. Nikishaweka hizo nabeba na nyingine au zinatosha kuanzia?

#3 Mwanzisha uzi

Ndiyo hiyo. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, na unatolewa 992 kila mwezi. Mimi nilipokuja ilikuwa 11,208. Usidanganyike na ukubwa wa jumla, fedha hizo hazipo mkononi mwako siku ya kwanza. Lazima ujiandikishe ukazi, ufungue akaunti ya kawaida, utume uthibitisho, ndipo mwezi wa kwanza uingie. Mambo yakienda vizuri ni wiki chache. Yakienda kama yangu ni miezi miwili.

Kwa hiyo njoo na fedha nyingine pembeni. Chumba kinataka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana, na kisheria mwenye nyumba anaweza kudai amana ya hadi miezi 3 ya kodi tupu. Kodi tupu, Kaltmiete, ni bila maji, joto na huduma. Warmmiete ni pamoja na joto. Ukiona tangazo la bei nafuu angalia kwanza ni ipi kati ya hizo.

Matumizi yangu mimi: chumba euro 310 pamoja na joto, bima ya afya karibu 145, chakula 180 hadi 200 nikipika mwenyewe. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila kuna mchango wa kila muhula, na vingi humo ndani mna na tiketi ya usafiri. Kuna pia ada ya redio na televisheni ya taifa, euro 18.36 kwa mwezi, unalipa hata kama huna televisheni. Inatozwa kwa nyumba nzima, si kwa mtu, kwa hiyo mkiwa WG mnagawana. Barua yake itakufuata tu baada ya kujiandikisha, usiitupe.

(Neno letu hela lilitoka kwa hawa hawa. Heller ilikuwa sarafu yao ya wakati wa ukoloni, kama shule ilivyotoka kwa Schule. Mwalimu wangu wa Kijerumani hakulijua hilo, alifurahi mno kuambiwa.)

Tafadhali mkuu, usitume amana ukiwa Arusha kwa mtu aliyekuambia yuko nje ya nchi na atakutumia ufunguo kwa posta. Nyumba hiyo haipo. Namjua binti aliyepoteza euro 900 namna hiyo, fedha za mchango wa ukoo. Omba hosteli za Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, mara tu ukipata udahili, foleni yake ni ndefu. Ukikosa, chukua chumba cha muda cha mwezi mmoja au miwili, utafute vingine ukiwa hapa, ukiona mlango kwa macho yako.

#4 Mdau aliyeko München

Naongezea kidogo kwa wanaokuja kusini. Hicho chumba cha 310 huku kisahau. Chumba cha WG München kupata chini ya 600 ni bahati, na unakwenda kukaguliwa na wakazi pamoja na waombaji wengine kama unaomba kazi. Pia msikariri kwamba Ujerumani hakuna ada. Jimbo la Baden-Württemberg wanatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo kikuu cha ufundi cha hapa München kimeanza kutoza waombaji wapya wa nje ya Ulaya tangu muhula wa baridi wa 2024/25, kati ya 2,000 na 6,000 kwa muhula. Kila mtu asome ukurasa wa kozi yake, si maelezo ya jumla.

Na kwenye fomu ya kujiandikisha mna sehemu ya dini. Ukijaza Katoliki au evangelisch (Kiprotestanti), siku utakapoanza kukatwa kodi ya mapato utakatwa na ya kanisa: asilimia 8 ya kodi hiyo huku Bavaria na Baden-Württemberg, 9 kwingineko. Sisemi mtu aikane dini yake. Mimi mwenyewe nimejaza na nalipa kwa moyo. Ila ujaze ukijua.

#5 Mdau wa Nairobi

Shukrani wote. Mimi kozi yangu ni ya Kiingereza. Nijisumbue na Kijerumani kweli? Na masomo yenyewe yakoje, ukilinganisha na huku nyumbani?

#6 Mwanzisha uzi

Jisumbue, ndugu yangu. Darasani utasoma Kiingereza, lakini barua zote nilizozitaja hapo juu ni za Kijerumani, na hazina huruma. Ukifika na A2, ngazi ya pili ya lugha, utaweza kumwambia mwenye nyumba kwamba bomba linavuja. Goethe-Institut, taasisi yao ya kufundisha Kijerumani, ipo Nairobi na ipo Dar. Miezi 4 ya jioni kabla ya safari itakusaidia kuliko koti lolote.

Hata saa itakusumbua. Mtu akikuambia tukutane halb acht, neno kwa neno ni nusu ya nane, nawe unafika nusu saa baada ya saa yao ya nane. Wao wanamaanisha nusu saa kabla yake, yaani saa moja na nusu asubuhi kwa hesabu yetu. Nilimkosa daktari kwa hilo. Kwenye ratiba ya chuo ukiona 10 c.t. (saa nne asubuhi kwa hesabu yetu), kipindi kinaanza na robo, wana robo saa yao ya kimila ya wasomi. Ukiona s.t. ni saa ile ile kamili, usichelewe.

Masomo. Jambo kubwa kuliko yote ni hili: hakuna atakayekufuata. Kwetu ukipotea wiki mbili mwalimu anauliza, kiongozi wa darasa anakupigia, tangazo la mtihani linasomwa mbele ya watu. Hapa kuhudhuria mihadhara mingi si lazima, hakuna daftari la mahudhurio. Katika vyuo vingi mtihani wenyewe lazima ujisajili mtandaoni ndani ya siku zilizopangwa. Mwenzangu mmoja alisoma muhula mzima, vizuri kabisa, akafika chumba cha mtihani jina lake halimo. Alidhani kusajili somo ndiyo kusajili mtihani. Akarudishwa mlangoni, akangoja muhula mwingine.

Alama zao zimegeuzwa: 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5.0 umeanguka. Na nafasi za kurudia si za milele. Mara nyingi ni mara 3 kwa mtihani mmoja, na ukianguka ya mwisho kwenye somo la lazima unaondolewa kwenye kozi, na unaweza kuzuiwa kusoma kozi hiyo hiyo hata chuo kingine. Soma kanuni za mitihani za kozi yako wiki ya kwanza.

Upande mwingine wa jambo hilo ndio niliouchelewa. Hakuna atakayekufuata, lakini ukienda mwenyewe unapokelewa. Profesa niliyemwogopa miezi 4, siku nilipomwandikia barua pepe fupi kuomba dakika zake, alinipa nusu saa nzima, akanionyesha kosa la hesabu zangu kwa subira kubwa. Alikuwa ananingoja niulize. Nilikuwa nahesabu ukimya wake kuwa dharau, kumbe kwao kukuingilia ndiyo kukosa adabu.

#7 Dada aliyeko Hamburg

Hapo kwenye ukimya umegusa, kaka. Na mimi nichangie ya jikoni na ya nyumba.

Unga msibebe kilo 20 mkalipia mzigo uliozidi. Miji mikubwa yote ina maduka ya Waafrika, na yale ya Waturuki na Waasia yana ndizi za kupika, bamia, mihogo, nyama ya halali. Ukikosa sembe, chukua unga wa mahindi wa Polenta, ule laini. Ugali unakuwa wa njano lakini ni ugali. Wakenya, sukuma wiki mtaipata majira ya baridi sokoni, wanaiita Grünkohl, wenyewe wanaichemsha na soseji mpaka inalainika kabisa. Mnunue mbichi. Vya kubeba ni pilipili manga na iliki nzuri, khanga mbili, na mafuta ya nywele unayoyaamini. Nywele suka kabla ya safari, bei za huku zitakushtua.

Nyumbani: usifunge dirisha miezi mitatu kwa kuogopa baridi. Chumba kitaota ukungu na mwenye nyumba atasema umeharibu ukuta. Fungua dirisha lote wazi dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku, huku umezima joto, kisha ufunge. Wenyewe wanalitilia mkazo utafikiri ni ibada. Chupa zenye alama ya Pfand, amana ya chupa, usitupe. Za plastiki na makopo mashine ya dukani inakurudishia senti 25 kila moja. Saa 4 usiku kelele mwisho, na Jumapili kutwa nzima usipige mashine ya kufyonza vumbi wala usipeleke chupa za kioo kwenye pipa la mtaani. Na kata bima ya Haftpflicht, ya kulipia hasara unazowasababishia wengine, yangu ni kama euro 5 kwa mwezi. Nilipoteza ufunguo wa jengo, ikabidi vitasa vya watu wote vibadilishwe. Bila bima ile ningerudi Temeke kwa miguu.

Wanaokuja Hamburg mjisikie nyumbani, Dar na Hamburg ni miji dada tangu 2010.

#8 Mwanzisha uzi

Asante sana dada. Sasa niseme ile iliyonifanya nianzishe uzi, maana karatasi zote hizo mtu anazimaliza hatimaye.

Saa za hapa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wiki ile ile unaona jua linakukimbia. Kufika Desemba, Leipzig kunapambazuka saa mbili asubuhi imepita na kumekuwa giza saa kumi na robo, wakati Mwanza watu bado wako kazini. Jua lenyewe likitoka halina joto. Na katikati ya giza hilo kuna Jumapili. Maduka yamefungwa, mtaa umenyamaza. Mimi nimekulia nyumba ya watu kumi na mmoja, Jumapili ni kanisa, ni wageni, ni redio ya jirani. Hapa nilikaa Jumapili 6 mfululizo bila kutamka neno kwa mtu aliye mbele yangu. Nilihesabu.

Asubuhi kwenye ngazi nilisalimia kama nilivyolelewa. Wengine waliitikia, wengine walipita. Nyumbani mtu asiyeitikia salamu ana ugomvi na wewe, kwa hiyo kila siku nilitoka nimebeba ugomvi ambao haukuwepo.

Mama alipiga Desemba usiku, huko kwao saa tano, maana baridi ikiingia tofauti ni saa mbili. Akauliza, mwanangu unakula? Nikasema nakula, niko vizuri, chuo kizuri. Nilipokata simu nililia. Sikumwambia yeye, sikumwambia yeyote. Nyumbani wanajua uko Ulaya. Kuna binamu anasubiri ada, kuna bati la nyumba ya bibi. Ukisema una huzuni unaonekana huna shukrani. Ndivyo wengi wetu tunavyonyamaza, na najua wawili waliorudi bila shahada, si kwa sababu masomo yaliwashinda.

Yaliyonitoa ni haya. La kwanza, mshauri wa wanafunzi. Studierendenwerk nyingi zina ushauri wa kisaikolojia bila malipo kwa wanafunzi. Nilikwenda kwa aibu, nikifikiri ni pa wagonjwa wa akili. Nilikuta mama mmoja mtulivu aliyenisikiliza, na akaniambia nitoke nje kila siku saa sita mchana hata kama ni mawingu, nikapime na vitamini D kwa daktari.

La pili, Kiswahili. Chuo Kikuu cha Leipzig wanafundisha Kiswahili, na nikaona tangazo ukutani la mtu anayetafuta wa kubadilishana naye lugha, saa moja Kijerumani, saa moja Kiswahili. Nilimpigia nikiwa natetemeka. Jumapili ya kwanza tulikutana kwenye duka la chai, mwanafunzi wa mwaka wa pili, akaniambia "shikamoo" akiwa amesimama wima kama askari. Miezi 2 sikuwa nimelisikia neno hilo kwa mdomo wa mtu. Baadaye alinipeleka kwa bibi yake, anakaa Grünau, mtaa wa maghorofa marefu yaliyojengwa kwa vipande vya zege enzi za Ujerumani Mashariki. Mtu wa Unguja akiyaona atakumbuka Michenzani, na si bure, maana hao hao walisaidia kujenga yale ya Zanzibar. Bibi hajui Kiingereza hata neno. Alinikatia keki, akaniuliza kama mama yangu yuko hai, akaniuliza jina lake. Tangu hapo kila mwezi nakwenda mara moja, na Kijerumani changu kingi nimekitoa kwenye meza yake.

La tatu, michezo ya chuo. Ada yake ni ndogo, na watu ambao ngazini hawakusalimii, ukicheza nao mpira wa wavu mwezi mmoja, wa pili wanakualika kwao. Urafiki wao unachelewa kuanza. Ukishaanza, mtu akikuambia nitakuja Jumamosi saa tisa, anakuja Jumamosi saa tisa.

Juni ilipofika jua lilikuwa bado liko juu saa tatu usiku. Tulikaa ziwani mpaka usiku sana. Nilimpigia mama kwa video nikamwonyesha, naye akasema sasa uso wako umerudi. Kumbe siku zote alikuwa anajua.

#9 Mdau wa Arusha

Mkuu nimesoma nikiwa kwenye daladala, nimeshuka kituo kimoja mbele. Swali la mwisho, kazi za vibarua?

#10 Mwanzisha uzi

Kwa kifupi: tangu Machi 2024 mwanafunzi wa nje ya Ulaya anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280. Wakati wa masomo usizidi saa 20 kwa wiki, vinginevyo hata bima yako inabadilika. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Kujiajiri bila ruhusa ya ofisi ya wageni hairuhusiwi, kwa hiyo soma vizuri mkataba wowote wa kusambaza chakula kwa baiskeli. Muhula wa kwanza usifanye kazi kama unaweza kuepuka. Ukimaliza shahada kuna kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi ya fani yako, kwa hiyo alama zako ni mali.

#11 Mdogo wenu wa Moshi

Wakubwa, mimi nina miadi ya viza ubalozini Dar Alhamisi hii. Natetemeka tangu jana. Nimepata udahili huko huko Leipzig.

#12 Mwanzisha uzi

Hongera mdogo wangu. Tulia. Soma orodha ya masomo ya kozi yako uweze kuieleza kwa maneno yako mwenyewe: kwa nini hii, kwa nini Leipzig, inaungana vipi na ulichosoma. Karatasi zipange kwa mpangilio wa orodha yao, halisi na nakala. Fika mapema, lala Dar usiku wa kuamkia, usitegemee basi la alfajiri. Wakikuuliza usilolijua sema hulijui.

Ukitoka pale andika hapa ilivyokwenda. Viza ikitoka nitumie ujumbe wenye siku ya kufika na jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Nitakuja kukupokea stesheni kuu, na karatasi ya sanduku la barua nitakuwa nimeshaichapa.